Paa Dume na Uwanja Nilioufagia

Chini ya nyumba yetu ya shamba, huku Dima wa Tayyin, Omani, kuna kipande cha ardhi chenye migunga na mawe matupu. Mwanangu mkubwa alitaka kujenga hapo nyumba ya kukodisha wageni wa Ijumaa, na bwawa la kuogelea. Mimi sikutaka. Kila alasiri akishuka hapo paa mmoja dume, mtu mzima, pembe ndefu, shingo nene kama bwana aliyelishwa vizuri. Nilimpenda.

"Paa si wetu, Mama," mwanangu akasema. "Leo yupo, kesho hayupo. Idi ikimkuta bado yupo, siweki hapo hata tofali."

Nikajifunga kibwebwe. Skuli sikwenda sana, lakini kupokea mgeni najua. Nikafagia pale mahali mpaka jani halikubaki. Nikakata matawi yaliyotambaa chini, asijichome. Beseni la maji nikalisugua kwa sabuni. Kisha nikachukua chetezo, nikafukiza udi wa harusi kila pembe, kila siku.

Paa akapotea. Nikazidisha udi.

Jirani yangu, mama wa Kibedui anayechunga mbuzi mlimani, akasimama juu ya jabali, akanusa, akacheka mpaka akakaa kitako.

"Ewe Hajja, unamwoza nani huko?"

"Namngoja paa."

"Paa! Akisikia harufu ya mtu mmoja anakimbia, wewe umemletea harusi nzima! Na kichaka chake kiko wapi?"

"Nimekisafisha."

"Umembomolea nyumba. Mchana akalale wapi, kitandani kwako?"

Akanieleza: paa mzee hakai penye uwazi. Anataka maficho, majani, maji yasiyonuka mtu, na mbuzi wasimmalizie chakula.

Basi nikarudisha uchafu. Mimi! Nilibeba majani makavu kwa mikono yangu nikayamwaga nilipofagia. Matawi nikayarundika chini ya migunga, magugu nikayamwagilia maji. Mkwe wangu akaniuliza kwa adabu kama nimekunywa dawa zangu. Njia ya mbuzi nikaiziba kwa miiba, na yule mama akanitukana kwa kufuata maneno yake mwenyewe.

Siku ya Arafa mwanangu akaleta fundi. Wakachora mistari ya chokaa, huku majlisi ya kupokelea wageni, huku bwawa, wakapanda barazani kunywa kahawa. Roho ilikuwa inanitoka.

Kichaka kikatikisika. Akatoka yule yule, na pembe zake, akavuka chokaa taratibu, akaingia majlisi, akanya. Kisha akaanza kula magugu yangu.

Fundi akashusha kikombe. "Huyu mmempangisha tayari?"

"Idi ni kesho," mwanangu akasema, lakini sauti ilikwisha kulegea.

"Mngoje," nikamwambia. "Mimi sina safari."

Asubuhi, wanaume waliporudi kutoka kuswali Idi, paa alikuwa amelala chini ya matawi yangu, anacheua. Mwanangu, na kanzu yake mpya, akampigia simu fundi atafute kiwanja kwengine.