Namba Iliyokataa Kushuka

Nikisikia harufu ya dawa ya kuchua, ile kali yenye karafuu na kafuri inayopanda puani mpaka machozi yanatoka, huwa narudi Chang'ombe, kwenye nyumba yetu ya kupanga nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma. Namwona mama anamchua mdogo wangu Hamisi magoti na viwiko. Hamisi anauma kona ya mto ili asipige kelele. Nje mashine za kukatia chuma zinalia, na mie nimesimama mlangoni na bakuli la maji ya moto, naogopa hata kupumua kwa nguvu.

Hamisi alikuwa na sikoseli, ugonjwa ambao kwenye mabango ya kliniki huandikwa selimundu. Mie ndiye wa kwanza, mzima kama kigongo. Yeye ndiye wa pili. Ugonjwa wake ulijulikana akiwa ameshaanza kutembea, baada ya kulazwa tena na tena kwa kile tulichokuwa tukiambiwa ni malaria. Siku hiyo nesi aliwaeleza wazazi wangu kwamba wote wawili wameubeba kwenye damu bila wao kuumwa, na kwamba kwa watu kama wao, katika watoto wanne, mmoja anaweza kuzaliwa nao.

Baba alikuwa fundi gereji, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kauli ya nesi aliichukua kivyake. Mama alipopata ujauzito wa tatu, mie nikiwa kidato cha pili, baba alitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

"Katika wanne, mmoja," aliwaambia wageni. "Sasa huyo mmoja wetu si tumeshampata? Waliobaki wazima watupu."

Wageni waliitikia inshallah. Mama aliinuka kwenda kuangalia wali ambao ulikuwa umeiva zamani.

Mwaka huohuo shule yetu ilianzisha klabu ya kompyuta. Mwalimu Anjela, mwenyeji wa Mbeya aliyeongea polepole kama anayepima kila neno, alitufundisha kuandika programu fupi za kubahatisha. Kompyuta inarusha sarafu mbili za kufikirika, inarudia maelfu ya mara, nasi tunahesabu. Maneno matatu yanatosha, alisema: na, au, siyo. Siku moja akatuuliza kipi ni rahisi zaidi kutokea: "mvua inyeshe na umeme ukatike", ama "mvua inyeshe au umeme ukatike".

"Madamu," mmoja wetu akajibu, "kwetu Temeke hayo ni tukio moja."

Darasa lilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Mwalimu Anjela naye alicheka, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: kabla ya kuzidisha namba zenu, ulizeni kwanza kama matukio yanajuana, yaani kama moja likitokea linabadilisha jingine.

Kicheko kilinikauka mdomoni. Nilimfikiria Hamisi, nikamfikiria na yule aliyekuwa tumboni. Je, hao wanajuana?

Ijumaa, wenzangu walipokwenda uwanjani, nilibaki kwenye kompyuta ya pembeni. Niliandika mstari wa baba, unaotoa urithi mzima au mbovu kwa kubahatisha. Nikaandika na wa mama. Kama wa baba ni mbovu na wa mama ni mbovu, mtoto anaumwa. Nikaiendesha. Robo, kama nesi alivyosema. Halafu nikatengeneza familia nyingi zenye watoto watatu, nikabakiza zile zinazofanana na yetu tu: wa kwanza siyo mgonjwa, wa pili mgonjwa. Nikamhesabu wa tatu.

Nilitegemea namba ishuke. Moyoni nilikuwa nimeshamwona baba akicheka.

Ilibaki robo.

Niliisoma programu mstari kwa mstari nikitafuta kosa. Nilibadilisha "na" nikaweka "au" ili nione kama mashine inanisikiliza, namba ikaruka mpaka robo tatu. Nikarudisha "na", ikarudi robo. Mwalimu Anjela alikuja kufunga chumba, akainama nyuma yangu, akasoma kimya.

"Haina kosa," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Zuhura, hii ni familia ya nani?"

Nilizima kompyuta, nikabeba begi langu. Wiki nzima nilitembea na ile robo kifuani kama mtu aliyemeza kokwa. Baba akicheka, mie natazama sakafu.

Kisha Hamisi akazidiwa. Ilikuwa mchana wa jua kali, maumivu yalimshika kifuani hata dawa ya kuchua ikawa haina maana. Baba alimbeba akiwa na ovaroli lake la grisi, tukajibana kwenye bajaji, mama akishikilia tumbo kila tulipopita kwenye shimo. Hospitali walimwingiza ndani, sie tukaachwa kwenye benchi la korido. Baba akaanza kuongea, kama kawaida yake.

"Huyu atapona. Na anayekuja ni mzima. Fungu letu la ugonjwa limeshaisha, nawaambia."

"Baba, haliishi."

Sauti ilinitoka kabla sijaizuia. Baba aligeuka taratibu.

"Nani kakwambia?"

"Nimeandika programu shuleni. Hata kama wa pili anaumwa, wa tatu bado ni robo ileile. Huyu mtoto hajui kama Hamisi anaumwa."

"Kompyuta inamjua mwanangu?" Alisimama. Watu wa benchi la pili waligeuka. "Kompyuta inajua nini kuhusu nyumba yangu, Zuhura?"

"Mwache mtoto," alisema mama. Hakuinua sauti. "Mie nalijua hilo tangu kliniki ya kwanza. Nesi alinieleza."

"Ukanyamaza?"

"Nilitaka angalau mmoja wetu apate usingizi."

Baba alikaa. Sikuwahi kuiona sura yake bila maneno.

Hamisi alipona safari ile. Na mama alipojifungua, baba ndiye aliyemfuata nesi, kofia mkononi, akaomba mtoto apimwe palepale. Walimtoboa kisigino huyo mdogo wetu, Salma, wakatuambia tusubiri. Zile siku za kusubiri redio haikuwashwa nyumbani. Niliomba programu yangu iwe ya uongo.

Baba alinikuta uani nafua sare.

"Mdogo wako anao," alisema. "Ila ameanza dawa. Wamesema tumewahi."

Nililia, nikamwambia kosa ni langu, laiti nisingeandika yale mambo. Alichuchumaa mbele ya beseni, akanishika mkono wenye povu.

"Kompyuta haijampa kitu. Tumempa sie wazazi wake. Wewe umetufanya tuwahi."

Salma hakupitia ile miaka ya kuambiwa malaria. Sasa yuko sekondari, na kwa mdomo amemrithi baba. Hamisi naye anatibiwa kliniki hiyohiyo, anaumwa, anapona, anafanya kazi zake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba siku ile koridoni nilimsahihisha baba hesabu. Leo naandika programu kwa mshahara. Nilipimwa sikoseli kabla ya ndoa, nimeubeba kwenye damu, mume wangu naye ameubeba, tulioana tukijua. Mwaka jana tulikaa kwenye benchi tukisubiri majibu ya mwanetu. Yalikuja kuwa mazuri, lakini wakati ule hatukuyajua, na nilijisikia nikisema, kwa sauti yenye uhakika kabisa, "Kwetu wameshaumwa wawili. Inatosha. Huyu hawezi."

Mume wangu anajua kazi ninayofanya. Alinigeukia, akafungua mdomo, akaufunga. Akanishika mkono, akaniacha niendelee kuongea.