Nilivyoitangaza Damu ya Shemeji

Mpaka leo nikienda nyumbani Sori napitia njia ya nyuma ya kanisa ili nisikutane na watu, na mtu akiniita "daktari" naona aibu hadi masikio yanawaka, maana jina hilo nililipenda sana kabla sijalichafua mbele ya koo mbili zilizokaa chini ya hema.

Mimi si daktari. Ni fundi wa maabara katika kituo kimoja cha utafiti karibu na Mbita, lakini kwetu ukivaa koti jeupe umeshakuwa daktari, na mimi (Mungu anisamehe) sikuwahi kumsahihisha mtu.

Mdogo wetu wa mwisho, Ouma, alikufa kwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, akiwa darasa la tatu. Kwa hivyo dada yangu Akoth alipopata mchumba, Omondi, mwalimu kutoka kisiwa cha Takawiri, mama hakuuliza habari za ng'ombe wala za shamba. Aliniita jikoni akaniambia, "Nyathina, mwanangu, si ni wewe unapimanga damu huko? Nipimie hawa wawili. Sitaki kuzika mjukuu." Akoth na Omondi wakakubali wenyewe, wakacheka hata, wakanipa damu.

Kipimo chenyewe si kigumu kueleza. Kuna kimeng'enya kinachofanya kazi kama makasi: kinaisoma DNA, kikifika mahali penye herufi zake kinakata, na hapo tu. Jeni ya damu ikiwa nzima inakatwa vipande viwili, nawe unaona mistari miwili kwenye jeli tunayoipitishia DNA. Ikiwa ni ya selimundu, herufi moja imebadilika, makasi haipati pa kukata, unaona mstari mmoja wa kipande kizima. Na yule aliyerithi moja nzima na moja mbovu anaonyesha mistari yote mitatu. Huyo haumwi, ila anabeba, na wabebaji wawili wakioana wanaweza kumzaa Ouma mwingine.

Sasa, kimeng'enya hicho kinakaa kwenye kichupa ndani ya friza, ukikitoa unakiweka kwenye barafu, maana joto hukiharibu. Siku hiyo ndoo ya barafu ilikuwa tupu, mashine ya barafu iko jengo la pili, jua la saa saba linachoma, nikajiambia ni dakika mbili tu, nikakiacha mezani, halafu nikapigiwa simu kwamba mama wa samaki yuko getini na ngege wabichi, nikashuka, nikachagua, nikapiga domo kama kawaida yangu, nikarudi baada ya saa nzima nikaendelea na kazi kana kwamba hakuna kitu. Tena kanuni inasema lazima uweke na damu ya mtu unayejua habebi, uone kama makasi bado inakata vizuri. Damu hiyo ilikuwepo. Nilifanya uvivu tu.

Akoth, mistari mitatu. Omondi, mistari mitatu.

Kesho yake ilikuwa siku ya ayie, watu wa Omondi wanakuja kwetu kupewa kibali cha ndoa. Nilipanga kuwaita wawili hao pembeni. Lakini nilichelewa njiani, nikakuta wageni wamekaa, na baba mdogo akaniona akapaza sauti, "Daktari wetu huyo! Simama tukusikie." Kuku walikuwa bado wanaiva. Watu wakageuka kunitazama, na hiyo heshima ikanilewesha, nikajikuta naeleza makasi, herufi, mistari, naeleza vizuri kabisa, hadi nikasema majina.

Mama Omondi akaweka soda chini. "Kwa hivyo mtoto wangu ni mgonjwa?"

"Hapana, mama. Anabeba tu."

"Anabeba." Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Tumeitwa kula, kumbe tumeitwa kuambiwa tunabeba."

Omondi hakukasirika, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Alinifuata akaniambia kwa sauti ya chini, "Shem, ungenishika mkono uniambie mimi kwanza." Wakaondoka bila kula. Akoth alibaki amesimama na jagi la maji ya kunawa.

Maneno yakafika Takawiri kabla yao. Waliokuwa wamemposa mdogo wake Omondi wakaacha kuja. Kwetu wakaanza kusema nimeona wivu kwa sababu mimi mkubwa sijaolewa, na mimi badala ya kunyamaza nikataka kuwaonyesha, nikachukua damu ya shangazi, ya wajomba, na yangu pia, nikapima kwa kichupa kilekile. Wote tunabeba! Nikampelekea mkubwa wangu wa kazi picha ya jeli nikijisifu kwamba nimegundua jambo.

Mkubwa wangu, mama mtu mzima, aliihesabu mistari kwa kidole. "Wote? Hakuna hata mmoja aliyekatika vizuri?" Akanyoosha mkono. "Chukua damu yangu. Mimi nilishapimwa, sibebi."

Mistari mitatu.

"Makasi yako ni butu," akasema. "Inakata nusu, inaacha nusu. Hapo kila mtu ataonekana anabeba."

Tukafungua kichupa kipya. Akoth, mitatu. Omondi, miwili. Yaani wangeoana na hakuna mtoto wao ambaye angeugua selimundu.

Nilivuka hadi Takawiri na karatasi mkononi. Mama Omondi alinipa kiti, akanipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho. "Nimeelewa," akasema. "Lakini siku ile ulisema mbele ya watu wote. Leo umekuja peke yako. Wale watu nitawakusanya wapi?"

Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani Sori wakati wa matangazo, nikasema nilikosea. Kutoka viti vya nyuma mtu akauliza, "Daktari, kwa hivyo sasa damu imepona?" Kanisa zima likacheka, na mchungaji naye akafunika mdomo. Nilitoka nje kabla ya wimbo.

Omondi hakurudi. Ameshaoa huko Mbita.

Siku hizi sipimi kitu bila damu ya kulinganisha, na nimeapa majibu ya mtu nitampa mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, hata aje nani aniite daktari. Akoth alihamia Migori mjini. Nilimfuata huko kumwomba msamaha, nikamweleza habari ya barafu, ya kichupa, ya kimeng'enya kilichoharibika. Akaniacha nimalize.

"Unaongea tu juu ya hiyo makasi," akasema. "Hata ingekuwa kweli, Achieng', hiyo habari ilikuwa yetu."