Shavu la baba mdogo liliniangusha mtihani wa anatomia, taya lake likaniinua

Wakuu, salamu kwenu nyote humu jukwaani.

Ninaandika nikiwa kitandani kwangu hapa Majimbo, Embu, na miguu haitaki kutulia. Nilikusudia kusubiri furaha ipungue ndipo niandike kwa utaratibu, nikashindwa. Yote mtakayosoma yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipojiaibisha sitajifunika.

Mimi ni binti, mwaka wa kwanza, ninasomea clinical medicine, yaani utabibu, katika chuo kimoja hapa mjini. Nyumbani ni Meru. Wazazi wangu ni watu wa kanisa, na shamba letu lina majani chai pamoja na mistari michache ya miraa, ile mirungi ya kutafuna.

Hiyo miraa ndiyo kiini cha uzi huu, kwa hiyo msiisahau.

Muhula uliopita tulisoma kichwa na shingo. Wale mliopitia anatomia mnajua hapo ndipo watu hulia. Sehemu ndogo kama ngumi mbili, na ndani yake kuna neva, mishipa na misuli iliyosongamana kama nyaya za stima nyuma ya duka la vinyozi.

Nilisoma kwa bidii, wakuu. Nilichora, nikabandika ukutani, nikaimba majina nikifua nguo.

Ikafika siku ya viva, yaani mtihani wa mdomo. Unakaa mbele ya lecturer, una dakika kumi, anakuuliza anachotaka. Swali langu la kwanza lilikuwa rahisi mno hata nikatabasamu.

"Taja misuli ya kutafuna."

"Ni mitano, daktari."

"Mingapi?"

"Mitano. Masseter, temporalis, pterygoid ya ndani, pterygoid ya nje, na buccinator, ule msuli wa shavu."

Akavua miwani. "Huo wa tano umeutoa wapi?"

Hapo mtu mwenye busara angesema samahani. Mimi nikasema, "Nimeuona ukitafuna kwa macho yangu, daktari."

"Umeuona wapi?"

"Nyumbani."

Mnielewe. Nimekulia mahali ambapo ikifika alasiri, mashavu ya wanaume hufura upande mmoja kana kwamba kila mmoja ameficha yai mdomoni. Ni donge la miraa. Tangu utotoni, kwangu mimi kutafuna kulikuwa ni shavu. Picha ya kitabu ilisema misuli minne, lakini picha ya kichwani mwangu ilikuwa ya baba mdogo Mutwiri, ndugu yake baba, akiwa na shavu lake la kushoto. Nikaamini kitabu kimesahau.

Nikabishana. Nikatetea shavu kwa moyo wote, kama wakili. Dakika zangu kumi zote zikaishia shavuni, maswali mengine hayakuulizwa.

Nilianguka, wakuu. Nikapewa mtihani wa marudio, ule tunaouita sup, wiki mbili baadaye. Nikianguka tena, narudia mwaka mzima, wenzangu waende wodini kuona wagonjwa, mimi nibaki na mifupa ya plastiki.

Nikaenda nyumbani Meru kusoma. Siku tatu za kwanza sikuelewa lolote. Nilikariri "minne, minne, minne", lakini moyo ulikuwa bado unanong'ona "mitano". Nilijua mtahini akinigusa kidogo tu nitateleza, kwa sababu jibu lilikuwa mdomoni na halikuwa kichwani.

Siku ya nne nikashuka Makutano, kwenye kibanda ambapo baba mdogo huchambua na kufunga miraa.

Hapa lazima niungame. Uhusiano wetu haukuwa mzuri. Tangu nianze chuo nilikuwa nimejipa wito wa kumwokoa na miraa. Krismasi nilimpa karatasi ya mafundisho kuhusu madhara yake mbele ya watu wa kanisa, wengine wakiwa na sahani mkononi. Alishukuru kwa adabu, akaondoka kabla ya chai. Mimi nikajiona nimetenda haki.

Aliponiona akasema, "Karibu, mhubiri. Leo umeleta karatasi ngapi?"

"Baba mdogo, leo sihubiri. Nimekuja kuomba taya lako."

"Taya langu? Unalipeleka wapi?"

Wanaume watano waliokuwa wameketi naye wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Mutwiri, sasa umekuwa maiti ya mazoezi!"

"Maiti haitafuni," baba mdogo akajibu, akanisogezea kreti nikalie.

Nikamweleza kila kitu: shavu, lecturer, sup, kurudia mwaka. Nilitarajia anicheke. Akapangusa mikono yake kwa makini, akageuza uso kwangu. "Haya. Shika."

Nikaomba ruhusa tena, kwa sababu tumefundishwa kuomba kabla ya kumgusa mtu, kisha nikaweka vidole kwenye pembe ya taya.

"Uma meno kwa nguvu, baba mdogo."

Wakuu! Kitu kikaruka chini ya vidole vyangu, kigumu, kizima, kama kiwiko cha mtoto! Hiyo ni masseter. Nimekuwa nikiisoma miezi mitatu kama jina, kumbe inaishi!

Nikapeleka vidole kwenye panja, kando ya jicho. "Uma tena." Temporalis ikatuna. Nikamwomba asogeze taya huku na huku kama mtu anayesaga, nikajua hapo pterygoid mbili zinavuta kutoka ndani, hata kama vidole havizifikii. Miaka thelathini ya kutafuna ilikuwa imemjengea baba mdogo kichwa ambacho maabara yoyote ingekionea wivu.

Kisha nikafika shavuni, kwa adui yangu.

"Sasa tafuna kwa shavu peke yake. Taya lisisogee."

Akajaribu. Wenzake nao wakajaribu. Fikirini wanaume sita wazima, Makutano, mchana kweupe, wamekodoa macho, mataya yamekaza, mashavu yanavuta na kupuliza kama samaki. Mama mmoja aliyekuwa akipita alisimama akauliza kama kuna mtu amekula sumu.

Baba mdogo ndiye aliyekata shauri. "Haiwezekani. Donge linasukumwa tu, halisagiki. Mtoto wangu, shavu ni stoo. Kinu kiko huku nyuma. Stoo inarudisha mahindi kinuni, lakini stoo haisagi."

Nilipiga ukelele. Naapa nilipiga ukelele, nikamkumbatia na miraa yake mkononi.

Kwa sababu ndivyo ilivyo hasa! Buccinator husukuma chakula kirudi katikati ya meno. Kazi yake ni ya usaidizi, na ndiyo maana hata neva yake ni nyingine: misuli minne ya kutafuna hupata amri kutoka neva ya tano, shavu hupata kutoka neva ya saba, ile ya uso. Nilikuwa nimekariri hayo bila kujua yanasema nini.

Baada ya kicheko kupoa, baba mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Umenihubiria mwaka mzima. Leo ndiyo mara ya kwanza umeniuliza kitu."

Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Hapo ulipobonyeza shavuni, jino la ndani linaniuma tangu mavuno. Sikusema kwa sababu ungesema ni miraa."

Ningesema hivyo, wakuu. Neno kwa neno. Kesho yake tulienda pamoja kwa daktari wa meno, jino likang'olewa, na njiani sikutaja miraa hata mara moja. Msimamo wangu juu ya miraa haujabadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa najua mlango wa kuingilia.

Siku zilizobaki nilikuwa kama mwehu. Nilizunguka Gakoromone sokoni nikitazama watu wakitafuna miwa na mahindi ya kuchoma, nikihesabu misuli. Muuza ndizi mmoja akanifokea, "Wewe msichana, unanunua ama unanihesabu meno?" Nikanunua.

Siku ya sup nikakuta examiner wawili. Yule wa miwani, na mgeni mmoja mnene mpole aliyekuwa na njugu kwenye karatasi, akitafuna polepole.

Yule wa miwani akanikumbuka. "Binti wa shavu! Misuli ya kutafuna ni mingapi?"

"Minne, daktari."

"Nani amekubadilisha?"

"Baba mdogo."

Akainua nyusi. "Nionyeshe."

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na mfano wa plastiki mezani. Nikamgeukia yule mgeni. "Daktari, naomba ruhusa nionyeshe usoni pako."

Akaacha kutafuna.

"Tafadhali endelea kutafuna," nikasema.

Akaendelea! Nikaonyesha masseter, nikaonyesha temporalis, nikaeleza zile za ndani. Yule wa miwani akatupa mtego: "Mgonjwa amepooza neva ya saba. Atatafuna?"

"Atatafuna, kwa sababu kinu ni kizima. Lakini chakula kitakwama shavuni upande ule, na atalazimika kukitoa kwa kidole. Mbele za watu ataona haya, kwa hiyo nikimhudumia nitamuuliza kwanza anakula na nani."

Hilo la mwisho halimo kitabuni. Lilinitoka tu.

Yule mgeni akameza njugu zake. Yule wa miwani akaandika kitu kirefu, akafunga faili. "Toka nje kabla hujawapima wafanyakazi wangu wote. Umepita."

Nilitoka kwa heshima hadi kwenye kona. Baada ya kona nilikimbia.

Nilichojifunza ni hiki, na ninakisema kwa unyenyekevu kwa sababu bado ni mwanafunzi. Nilianguka kwa kuwa nilimtazama mtu miaka ishirini nikadhani nimemwona. Mwili wa mtu hauwezi kusomwa kutoka mbali, na mwenye mwili naye vilevile. Omba ruhusa, sogea, uliza, kisha nyamaza usikilize.

Karibuni kwa maoni, hata ya kunicheka. Walio kwenye fani, ni kitu gani mlikuwa na hakika nacho hadi kikawaangusha? Na kama kuna mkuu hapa Embu mwenye goti lenye subira, anijulishe, maana Jumatatu tunaanza mguu.