Wimbo wa Wifi Yangu Kheiria

Wifi yangu Kheiria, mke wa marehemu kaka yangu, hakusoma, lakini kajaaliwa sauti. Tangu turudi Oman, harusi ya watu wa Unguja hapa Maskati haikuwa harusi mpaka Kheiria aimbe katika ukumbi wa wanawake, simu zote zimekusanywa mlangoni ndani ya kapu. Mwanamme aliyewahi kuisikia sauti ile ni mumewe tu. Na yeye, maskini, aliisikia zaidi ikigomba.

Basi mwaka huu katokea Yaqdhan, mjukuu wa jirani yetu Ghaliya, mfanyakazi wa wizara huko Al Khuwair. Asubuhi anapiga mihuri, jioni msanii. Katoa wimbo, na kila gari linalopita Wadi Kabir linatikisika kwa wimbo huo. Kheiria kuusikia, kashika kichwa.

"Wifi! Mahadhi ya wimbo wangu hayo!"

Kabla hatujamkamata mtoto, mwimbaji mmoja mkubwa wa Ghuba naye kapiga kelele mitandaoni kwamba kaibiwa wimbo wake uliovuma miaka ya tisini. Mwizi mmoja, wenye mali wawili. Yaqdhan akaja mbio na sahani ya halua.

"Shikamoo bibi. Niokoe. Mimi nliuokota kwa mama, huuimba akipika, naye kasema ni wako. Imba kidogo tu kwenye simu, useme uliutunga kabla yake. Nitaandika jina lako."

"Mimi nisikike kwenye magari ya watu?" Kheiria kamkazia macho. "Nimejistahi umri wote, nije kuharibikiwa uzeeni kwa ajili ya simu yako?"

"Sasa tutathibitisha vipi, bibi?"

"Waite wanawake wenzangu. Wote wanaujua."

Hapo ndipo alipokosea. Wakaja baada ya alasiri, wamejifukiza udi kama wanakwenda kuposa, Yaqdhan kakaa karibu na mlango na simu yake. Kheiria alidhani watamtaja yeye. Thubutu! Ghaliya akasema wimbo ni wa bibi yake, akiuimba Pemba akipepeta mchele. Mwengine, Rahila, akaapa umetoka katika filamu ya Kihindi aliyoiona angali msichana, akalia mpaka ushungi ukalowa. Walikula halua yetu na wakatunyang'anya na wimbo.

Yaqdhan, mtoto wa serikali, akapata njia ya kutomuudhi mtu. "Basi nitaandika: wimbo wa kale, mtunzi hajulikani."

Hajulikani! Na ndiye anayemmiminia kahawa. Nikamngojea Kheiria amtukane, lakini akaendelea kumimina. Kikombe kikafurika, kahawa ikamwagika kwenye busati, naye hakuifuta. Tumeishi nyumba moja tangu ujana na sikupata kumwona hivyo.

"Ghaliya," nikasema, "wimbo wa bibi yako, ubeti wa pili unasemaje?"

Ghaliya akachungulia kikombe.

"Rahila, mwenzangu, na huko kwa Wahindi?"

Rahila akashikwa na kikohozi.

Wataujulia wapi? Wimbo ule Kheiria alinitungia mimi. Mwaka alioolewa kwetu tuligombana jikoni, na huyo mwimbaji wa Ghuba hajaota meno. Kwenye arubaini ya uzazi wa mwanawe wa kwanza akauimba mbele ya wanawake wa nyumba tu, na mama yangu akaupiga marufuku ubeti wa pili siku ile ile. Ukumbini ukabaki wa kwanza.

"Lete simu," nikamwambia Yaqdhan. "Sauti yangu haimtamanishi mwanamme, wala jogoo." Nikauimba:

"Wifi yangu akipita, bata wote husimama,
Humwita: dada karibu, nyumbani umwone mama."

Wanawake wakaangua kicheko. Kheiria alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, sikumuuliza.

"Wifi, bado unaukumbuka?"

"Nitausahau vipi? Miguu si ninayo, na mwendo ule ule!"

Ghaliya akakubali kwa shingo upande kwamba wa bibi yake ulikuwa mwengine. Leo jina la Kheiria limeandikwa chini ya wimbo, na tangu hapo hasalimiki. Huyo wa Ghuba kanyamaza, labda anatafuta bata wake. Sasa Yaqdhan anataka kuuimba upya pamoja na ubeti wa pili. Nimemwambia autie. Ila akishaandika mtunzi ni Kheiria, na mimi aniandike, jina kamili na la baba: mwenye miguu.