Maksai Aliyeongea Siku Nzima

Maksai wa baba hakurudi jioni ile, na baba hakupiga mwano. Kwetu Shishiyu ng'ombe akipotea unapiga mwano, lile yowe la kuita watu, na wanaume wanatoka na fimbo kufuata nyayo kabla hazijafutika. Asubuhi majirani walikuja wenyewe, na baba akawarudisha.

"Mhola duhu, hakuna shida, kapumzikeni tu. Kijana wangu amemfunga mtambo, atatuambia alipo."

Kijana mwenyewe ni mimi, fundi wa vifaa vya umeme Bariadi mjini, niliyekuwa nyumbani kwa mapumziko. Mtambo ni mkanda wa shingoni wenye redio ndogo inayotangaza mahali alipo ng'ombe. Kifaa cha kupokea kinaungwa kwa waya na kompyuta yangu. Dukani nilikijaribu kikafanya kazi, nikatamba mpaka watu wakanichoka.

Nikawasha. Kila baada ya muda mstari mmoja uliingia: alama za kuuliza, vijisanduku, herufi zisizo na kwao. Takataka tupu.

Nikabadilisha kasi ya mawasiliano, maana vifaa viwili vikipishana kasi havielewani. Takataka. Nikageuza waya wa kutuma na wa kupokea, kukawa kimya kabisa, nikazirudisha. Takataka zilezile. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitamani kukipiga teke kile kidude kikatue zizini.

Baba akavuta kigoda. "Anasemaje?"

"Anaongea, baba. Ila simwelewi."

"Lakini ni yeye?"

"Ni yeye."

Akafurahi, akamwita mama kumwambia maksai wao yupo. Sikuwa na ubavu wa kumweleza kwamba mahali alipo pamo humo humo ndani ya takataka, mbele ya macho yangu, na mimi sina la kufanya. Msimu wa kulima ulikuwa umefika, na huyo ndiye aliyeongoza jembe letu. Mchana mvua ikashuka, ikaosha njia zote mpaka bondeni.

Jioni ile mistari ikakoma kuingia; ama betri ya mkanda imeisha, ama maksai amekwenda mbali mno.

Kesho yake, kwa hasira, nikapasua ganda la waya mweusi, ule unaovipa kifaa na kompyuta ardhi moja ya umeme. Bila huo, ujumbe huvurugika njiani. Nje ulikuwa mzima, nami nilikuwa nimeushika na kuuvuta siku nzima. Ndani ulikuwa umekatika. Nikauunga, nikakitumia kifaa amri ya majaribio, nacho kikajibu kwa herufi safi kabisa.

Baba akaja tukakaa wote mbele ya kioo. Hakuna kilichoingia.

"Mtambo umepona?" akauliza.

"Umepona, baba."

Akasogeza kigoda chake karibu zaidi na kompyuta, akaanza kusubiri.