Sanduku Linaloatamia

Mzee Halfani wa Mlandege alikuwa adui mkubwa wa mashine, na uadui huo aliutangaza akiwa amekaa nyuma ya mashine. Alishona kanzu na makoti barazani kwake, njia ya kwenda msikitini, mguu kwenye pedali mchana kutwa. Ukimwuliza, "Mzee, mbona na wewe unayo?" alikutazama kama mtu uliyemmwagia uji.

"Hii si mashine. Hii ni cherehani."

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na binti, Waridi, na Alawi fundi baiskeli hakuona binti mwingine Iringa nzima.

Alawi hakuwa kijana mbaya, ila mdomo. Kila aliyempelekea pancha aliondoka na tairi lililozibwa na habari za miaka ijayo. Itafika siku nguo zitajifua zenyewe ndani ya pipa. Itafika siku maji yataganda jikoni, jua linawaka nje. Itafika siku mtu wa Iringa atamwita mtu wa Mbeya bila kuinuka kitandani.

"Na huyo wa Mbeya asipoitika?" Mzee Halfani alimwuliza siku moja.

"Utamwita tena, mzee wangu."

"Na asipoitika tena?"

Alawi akajikuna. "Hapo itabidi upande lori umfuate."

"Ndivyo tunavyofanya sasa. Kwa hiyo, mashine hiyo ni ya kunichelewesha lori."

Mimi nilikuwa dalali wa kuku. Nilinunua vijijini, nikapakia kwenye matenga, nikapeleka Mbeya. Mwaka hamsini na sita Alawi alinifanya mshenga wake kwa sababu watu wenye akili walimkatalia. Nami nilikubali kwa sababu alikuwa na sanduku.

Sanduku lenyewe lilitoka kwa setla mmoja huko karibu na Mafinga, aliyekuwa anafunga shamba arudi kwao. Alawi alilibadilisha kwa baiskeli, na mabadilishano niliyasimamia mimi, ndiyo maana hata pampu tulibaki nayo. Lilikuwa la mbao, kama jeneza la mtu mfupi, lina taa ya mafuta ubavuni, kipimajoto ndani, na droo ya kupangia mayai. Kazi yake ni kuatamia. Unapanga mayai, unawasha taa, unayageuza asubuhi na jioni, baada ya wiki tatu unatoa vifaranga. Kuku mwenyewe huna haja ya kumsumbua, yeye anaendelea kutaga. Dalali wa kuku akielezwa jambo hilo hahitaji kuelezwa mara mbili.

Nilipokwenda kupeleka posa nikamkuta mshenga mwenzangu amekwishatangulia. Bi Rukia, mama wa Ilomba kule Mbeya, alikuwa amekaa mkekani kama aliyeoteshwa pale. Alimposea mpwa wake Zubery, mwenye duka la vitambaa.

"Karibu, dalali," akaniambia, kana kwamba nyumba ni yake. "Umeleta kuku au umeleta maneno?"

"Nimeleta mkwe."

"Yule anayezungumza na matairi?"

Mzee Halfani alicheka mpaka akakohoa. Mwanawe Waridi, aliyekuwa anatumiminia kahawa, hakucheka. Alinijazia kikombe mpaka pomoni, cha Bi Rukia akakiacha nusu. Nikajua binti amekwishachagua, bado baba tu.

Baba alijua hivyo pia, kwa hiyo hakutaka kukataa waziwazi, akatafuta sharti lisilowezekana.

"Nasikia ana sanduku linalototoa," akasema. "Haya. Likitotoa, na hao vifaranga wakaishi, wakajua kuchakura kama watoto wa kuku mwenye adabu, Waridi ni wake. Wakifa, au wakikaa tu kama mazuzu, Waridi anakwenda Mbeya na Bi Rukia huyu."

"Na wakitoka, nani atawafundisha kuchakura?" Bi Rukia akauliza. "Kifaranga asiye na mama ni pamba yenye miguu."

"Hilo la kwao," mzee akasema, akijipongeza kwa tabasamu.

Nilishika mkono wake palepale, mbele ya shahidi. Sharti gumu lililoandamana na mkono ni bora kuliko ahadi laini.

Alawi akapanga mayai. Waridi alimpelekea ujumbe mmoja tu kupitia kwangu: "Mwambie afunge mdomo. Akianza kuzungumza atasahau kuyageuza." Akafunga. Wiki zile, waliopeleka pancha walidhani anaumwa jino.

Aliyezungumza ni Mzee Halfani. Kila alasiri akitoka kuswali alipitia karakana ya Alawi, anainama kwenye kile kioo kidogo cha sanduku, na kuyazomea mayai.

"Nyie! Mnatoka au hamtoki? Mmelala tu humo kama wageni wa mjomba! Mama yenu nani? Taa?" Halafu anakohoa kile kikohozi chake cha nyuma ya koo, kho-kho-kho, anakwenda zake ameridhika. Siku za mwisho alikuwa anakuja hata asubuhi. Utamu ulimzidia.

Mimi nimekaa na kuku maisha yangu yote, na nilipaswa kukumbuka. Kuku anayeatamia, mayai yakikaribia, huzungumza nayo. Walio ndani wanasikia. Wakitoka wanamjua mama yao kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Lakini nani angefikiria?

Walitotolewa, na siku walipokwisha kukauka manyoya mzee alikuja na Bi Rukia ashuhudie mazuzu. Alawi akavuta droo, akaishusha chini polepole. Kweli vifaranga walikuwa wamejikunyata tu, macho yanasinzia.

"Pamba," akasema Bi Rukia. "Nilisema."

Mzee Halfani akainama. "Nyie! Ndiyo mmetoka hivyo? Kho-kho-kho!"

Droo nzima ikaamka. Walimkimbilia wote kwa pamoja, wanaangukiana, wanalia piyo piyo, wakamzunguka miguuni. Akarudi nyuma, nao mbele. Akatoka nje, nao nje. Akaongeza mwendo barabarani, mtu mzima na kanzu yake, nyuma yake mstari wa manjano unaokimbia kufa na kupona. Mama mmoja Mhehe aliyekuwa anauza njegere akaweka kapu chini, akamwamkia kwa heshima zote, "Kamwene, mama wa watoto!"

Soko zima likachukua jina hilo.

Alawi aliwatengenezea sanduku la joto lenye kandili. Hawakulitaka. Walilia mpaka wakakauka sauti. Ilikuwa Julai, na baridi ya Iringa ya Julai haina utani, kwa hiyo mzee, huku akilaani, aliwaingiza ndani ya koti lake la sufu. Wakanyamaza papo hapo. Tangu siku hiyo alishona akiwa na kifua kinachotembea. Akienda msikitini walimsindikiza hadi kizingitini, na wakati wa swala walilala ndani ya viatu vyake. Wenye viatu vya jirani walianza kuvichagulia upande mwingine.

Nilipita siku moja nikamkuta uani, bakora mkononi, anachimbachimba udongo. "Hivi! Hivi! Si kwa mdomo kwanza, kwa mguu!" Na wao wanachakura. Hata adabu ilikuwepo.

Nikaitisha kikao.

"Sharti limetimia," nikasema.

"Halijatimia," akasema Bi Rukia. "Sanduku halikulea. Kalea Mzee Halfani."

"Sharti lilisema wajue kuchakura. Halikusema mwalimu awe nani."

Mzee Halfani, kichwa cha kifaranga mmoja kikichungulia kwenye kola yake, akasema mambo haya yanataka kufikiriwa, pengine hadi mwakani.

Mteja akisema mwakani, ondoa bidhaa mezani. Niliinuka, nikachukua tenga langu.

"Sawa, mzee. Basi vifaranga ni wa Alawi, mayai yake, mafuta yake. Nawarudisha kwa mwenyewe."

Nikawatoa kotini mmoja mmoja. Wakapiga kelele humo tengani kama wanaochinjwa. Nikafika mlangoni. Nikafika barabarani. Nyuma yangu nikasikia kho-kho-kho, na tenga likaanza kuruka mkononi mwangu.

"Wewe dalali, rudisha!"

"Nirudishe kwa nani? Kwa mkwe wa Alawi?"

"Rudisha kwanza, maneno baadaye!"

"Mimi sikabidhi mzigo kabla ya maneno, mzee."

Alisimama pale barazani, mikono imelining'iniza koti tupu. Bi Rukia akamvuta kanzu: "Baba Waridi, ni kuku hao! Zubery atakuletea tenga zima!"

"Hao wa Zubery wananijua mimi?" mzee akafoka. Halafu akanigeukia. "Mwozeni! Mwozeni hata kesho! Niletee watoto, wana baridi!"

Kutoka jikoni tulisikia kigelegele kimoja, kikakatishwa haraka kwa adabu.

Harusi ilifungwa baada ya mavuno. Bi Rukia alikuja, maana hakuwa mtu wa kuacha wali ulale. Nilikuwa nimepanga kuuza kuku wa walima mwenyewe, lakini baba wa bibi harusi alipiga marufuku kuku kuingia chunguni, wangu au wa mtu yeyote, tukala mbuzi. Hasara hiyo mpaka leo sijalipwa.

Bi Rukia alikichokoa kipande chake, akaninong'oneza, "Dalali, ndoa ya mashine ya kuku, na kuku wenyewe hawapo?"

"Wapo," nikamwambia, nikamwonyesha mkeka wa wakwe. Walikuwa wamekaa pale na Mzee Halfani, wamekwisha kuwa wakubwa, wanakula wali wa wageni.