Roshani ya Wasikilizaji

Nilipelekwa Uingereza nikajifunze jinsi watu wa mji wanavyojitawala. Bwana Shauri wa Same, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, ndiye aliyenichagua, kwa kuwa nilikuwa karani wa baraza letu la Chome na mwandiko wangu unasomeka. Wiki ya kuondoka niliandika kitabuni uamuzi mmoja: ndiva yetu, lile bwawa tunalokusanyia maji ya mfereji, ipanuliwe, na shamba la mjane Naelijwa liingie majini. Mwenyewe alikuwa ameketi nyuma pamoja na akina mama. Hakuna aliyemuuliza, nami sikuona ajabu. Kazi ilipangwa kuanza nikirudi.

Kutoka Chome nilishuka kwa miguu hadi Same, nikapanda treni hadi Tanga, kisha meli. Habari za bahari sitazisimulia. Nilitapika hadi nikajuta kuzaliwa.

Plymouth nilifika asubuhi ya mvua. Ni mji wa mawe ya kijivu, umeinuka juu ya bahari, na katikati vita vilikuwa vimeacha vifusi vitupu. Hata hivyo utaratibu wao ulinishangaza. Maji huingia hadi jikoni, gari la taka hupita kila juma, na hata makaburi hutunzwa na halmashauri. Watu huchagua madiwani kwa kura. Madiwani humchagua meya, naye huvaa mkufu mzito kama mnyororo wa kufungia ng'ombe.

Nililala kwa Bibi Ellis, mjane wa baharia. Nyumba yake ilikuwa miongoni mwa chache zilizosalimika mtaani, na barabara mpya ilipangwa kupita papo hapo. Akaniambia shauri lingekatwa Jumanne, akaniomba nifuatane naye.

Jumanne tuliketi kwenye roshani ya wasikilizaji. Chini yetu madiwani walisema kwa zamu, kwa adabu, ramani ikiwa ukutani. Mtaa wa Bibi Ellis waliutaja kwa namba. Mwenyekiti alipotaka wanaokubali wanyooshe mikono, damu ilinichemka. Kwetu mwanamume mwenye neno barazani husimama. Nikasimama.

"Mwenye nyumba yupo hapa," nikasema, "na hamjamuuliza."

Ukumbi mzima uligeuka. Tarishi alinijia, akanieleza kwa upole kwamba walioketi roshani husikiliza tu. Bibi Ellis akanivuta koti, nikaketi kwa aibu. Mikono ikanyooshwa, na nyumba ikaenda.

Njiani alinieleza kwamba diwani wake ndiye husema kwa niaba yake, na asiporidhika naye atamnyima kura. Ni utaratibu mzuri, na hadi leo nausifu. Kisha akauliza, "Kwenu wangeniuliza?"

"Ndiyo," nikajibu upesi. Hatua chache mbele nikamkumbuka Naelijwa. Nilikuwa nimemdanganya mama aliyekuwa akinilisha, na moyo wa kumwambia sikuwa nao.

Niliporudi Chome mawe yalikuwa yamekwisha kurundikwa kando ya ndiva, na msaragambo, ile kazi ambayo kila nyumba hutoa mtu, ulikuwa umetangazwa. Baraza likakaa papo hapo lisikie habari zangu. Nikasimulia maji, taka na mkufu, wazee wakacheka. Kisha nikasimulia Bibi Ellis na nyumba yake. Ndipo nikasema sitakifungua tena kitabu cha baraza hadi Naelijwa aulizwe.

Mzee Kajiru, mlinzi wa ndiva, alinikemea vikali. Tangu lini mwanamke akasema mambo ya ndiva? Huko Ulaya nilikuwa nimeharibika, akasema.

"Mzee wangu," nikamwambia, "mawe haya yamebebwa na nani?"

Yalibebwa na akina mama, naye alijua. Akamwashiria Naelijwa aje mbele.

Alikuja polepole, akiikaza kanga yake. "Migomba ichukueni," alisema. "Lakini mume wangu amelala chini yake. Nilikuwa nangoja mmoja wenu akumbuke."

Wanaume tuliokuwa pale ndio tuliomzika. Mimi mwenyewe nilishika jembe. Mawe tulianza kuyahamishia upande wa pili wa ndiva, mbali na kaburi, mchana ule ule, na mara hiyo akina mama waliketi.